Muzee Aliomba Masanga

Wandugu wa chama, wale tuliosoma pamoja Kasapa mnajua kwamba Jumamosi jioni mimi sipatikani. Napiganga gitari mu orkestra ya watu sita, kwenye terasi ya hoteli moja mu ville, hapa hapa komini Lubumbashi. Hatuna albamu, hatuna klipu. Kazi yetu ni kopi. Tunaanza na Franco na Tabu Ley wakati watu wanangojea michopo, tunapita kwa Madilu na Pepe Kallé, kiisha, Simba ikisha kufanya kazi yake ku meza, tunaongeza Zaiko na Wenge. Daftari langu lina nyimbo 63 ambazo tunaweza kupiga bila kutazama karatasi.

Mwezi wa tatu, wakati wa mapumziko, muzee mumoja aliyekaa peke yake karibu na ukuta aliniita kwa mkono. Alikuwa na koti, kofia ameiweka ku magoti, na chupa moja ambayo alikuwa anainywa polepole kama dawa.

“Mwana, munapiga muzuri.”

“Aksanti, papa.”

“Ile ya Franco mumeipiga sawa vile iko mu plake. Sasa munipigie Masanga.”

Nikamuuliza: “Masanga ya nani, papa?”

Alinitazama kama vile unatazama mtoto anayeuliza jina la babu yake mwenyewe. “Ya nani? Ya Bosco! Weye ni mutoto ya wapi?”

Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, nimezaliwa Katuba, na nina diploma ya historia. Jina la Mwenda Jean Bosco nilikuwa nimelisoma, mstari mmoja, katikati ya reli na Union Minière. Lakini vidole vyangu havikuwahi kulisikia. Nilirudi ku gitari, tukapiga “Mario”, muzee akalipa chupa yake akaenda.

Tangu siku hiyo swali lake halijanitoka, njo maana naliandika hapa. Najua wengi wenu mkisikia “orkestra ya kopi” mnacheka. Rafiki mmoja wa promosio yetu aliniambia waziwazi: musiki ya Lubumbashi ilikufa juu ya kopi, kila mtu anaiga, hakuna anayetunga. Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amenilipia bukari siku hiyo. Lakini nimefanya kazi yangu ya mwanahistoria, na naona alikosea. Mu mji huu kila kitu tunachokiita chetu kilianza kama kopi. Kilichovunjika ni kitu kingine.

Tuanze na reli. Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910, na mwaka ule ule reli ikafika kutoka kusini, kutoka Rhodesia. Reli ya kwenda Ilebo, ile ya kutuunganisha na njia ya Kinshasa, ilimalizika tu mwaka 1928. Mnaona? Kwa karibu miaka 20 vitu vyetu vilikuja kutoka Ndola, Bulawayo, Johannesburg: wafanyakazi, nguo, gitari, na baadaye plake, yaani zile santuri za kuzunguka. Mtu wa kambi ya Union Minière alisikia kusini kabla ya kusikia mto Congo. Makwaya, ile ngoma ya kuimba kwa sauti nyingi huku watu wanatembea kwa mistari, ilikuja kwa njia hiyo: kwaya za misheni, mwendo wa kiaskari, yote yakachanganywa na nyimbo za nyumbani. Kopi juu ya kopi.

Mu miaka ya 1940 vijana wa komini Kenya walijiunga wakajiita Jecoke, yaani Jeunes Comiques de la Kenya. Waliimba, walicheza dansi, walichekesha, wamevaa vizuri, na mwendo wao wa jukwaani uliangalia kusini. Kama wangekuwa leo mngewaambia “nyinyi ni watu wa kuiga tu”. Mu kundi hilo njo alipita Edouard Masengo, ambaye nitamrudilia.

Na huku ville? Ville ilikuwa ya wazungu. Kati yake na cité ya waafrika, ile ambayo leo ni Kamalondo, waliacha eneo tupu ambalo waliliita zone neutre, na usiku mtu mweusi hakuwa na haki ya kutembea mu ville bila karatasi. Kila Jumamosi nikifunga waya za bafle kwenye ile terasi nawaza kwamba mpiga gitari wa mwaka 1950, hata akiwa hodari kunishinda mara kumi, hangekaa pale kama mteja. Teatro ya mji ilifunguliwa mwaka 1956. Miaka 4 baadaye ikawa bunge la Katanga ya Tshombe, na leo tunaiita Bâtiment du 30 Juin. Wimbo wa taifa la Katanga ulitungwa na Joseph Kiwele, mtoto wa shule za wamisionari, aliyejifunza musiki ya kanisa la wazungu mpaka akaweza kuandika misa ya kwake. Yeye pia alianza kwa kufuata mkono wa mwalimu.

Sasa Bosco.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930, mtu wa Bayeke, watu wa Msiri wa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika ya kusini na ya kati na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Kijana wa miaka 22, gitari moja bila umeme, na wimbo unaoitwa “Masanga”. Tracey akaurekodi, Gallotone ya Johannesburg ikautoa kwenye plake, na ukaenda mbali kuliko mtu yeyote wa Likasi wa wakati ule.

Mtu ambaye hapigi gitari anaweza kusikiliza “Masanga” akasema ni nzuri, basi. Mtu anayepiga anashituka. Unasikia gitari mbili, kumbe ni moja. Bosco alitumia vidole viwili vya mkono wa kuume, kidole gumba na kile cha shahada. Gumba linashuka na kupanda chini, linafanya kazi ya bass. Shahada inaimba juu. Na vile viwili havikanyagi mahali pamoja. Mwingereza mmoja, David Rycroft, alikaa akaandika musiki ya Bosco nota kwa nota, ikatoka katika jarida African Music mwaka 1961 na 1962. Kichwa cha makala yake kinazungumza juu ya “improvisations” za Bosco, na hilo ni neno la kushika. Yule mtu hakuwa na “Masanga” moja iliyokauka. Aliigeuza. Hata Bosco hakumkopi Bosco sawasawa.

Alitoa wapi vitu vyake? Alisikia plake za kusini, alisikia rumba iliyotoka Cuba, alisikia makwaya, alisikia nyimbo za kwao. Sioni aibu kusema aliiga. Aliiga vitu vinne vitano kwa pamoja, na katikati yao kikatoka kimoja ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Mwisho wa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi. Masengo pia. Wale wa Kenya (nchi, si komini yetu!) bado wanahadithia. Makampuni yaliwatumia kwa matangazo: Bosco aliimbia Aspro, dawa ya kichwa, na Masengo alizunguka na Coca-Cola. Vijana wa huko wakawa wanaweka macho kwenye vidole vyao. Kutoka huko, na kutoka ngoma zao wenyewe za Magharibi ya Kenya, akina George Mukabi walijenga mtindo wao unaoitwa omutibo: gitari bila umeme, sauti mbili, na mtu wa kando anagonga chupa tupu ya soda kushika mapigo. Leo Mkenya akitaka kuonyesha gitari ya asili ya kwao, anaonyesha omutibo. Ina haki kabisa. Lakini ndani ya mizizi yake kuna vijana waliokaa wakimtazama mtu wa Katanga na kumkopi.

Kwa hiyo nilipofika hapo mu usomaji wangu nilijiuliza: kama kopi inaua, mbona Nairobi ilizaa?

Nitawapa kisa kingine, na hiki kina uchungu kidogo. Mwaka 1967 hapa Lubumbashi kulikuwa orkestra inaitwa Super Vox, chini ya Mutonkole Longwa Didos. Walivuka Zambia, wakaendelea mpaka Nairobi mwaka 1974, na huko wakawa Orchestra Super Mazembe. Wimbo wao ambao kila mtu wa Afrika Mashariki anaujua ni “Shauri Yako”. Uliza teksi yoyote ya Mombasa, uliza harusi yoyote ya Dar es Salaam: “Shauri Yako” ni ya nani? Watakwambia ya Mazembe. Lakini wimbo ule ni wa Nguashi Ntimbo, Mkongo mwenzao, aliyeupiga kwanza na Festival du Zaïre. Mazembe waliurudilia, wakaupiga vizuri sana, na toleo lao likammeza mwenyewe.

Hapo ndipo naona kosa la kweli la kopi. Kupiga wimbo wa mwingine si dhambi. Kosa linaanza wakati jina la mwenyewe linapotea njiani. Sheria tunayo: SONECA ilianzishwa mwaka 1969 kulinda watungaji, sheria ya haki za mtungaji ilitoka tarehe 5 Aprili 1986, na tangu 2011 kuna SOCODA. Lakini sitaki kuinua kidole juu ya mtu, kwa sababu sisi wenyewe, orkestra yetu, hatujawahi hata siku moja kuandika orodha ya nyimbo tulizopiga na majina ya watungaji. Hata ku mikro mwimbaji wetu anasema tu “sasa moja ya zamani!” na tunaanza. Ya zamani ya nani? Hasemi. Mimi mwenyewe, mtu wa historia, nilikuwa nasimama nyuma yake bila kuona tatizo.

Turudi ku swali la muzee. Kwa nini orkestra ya watoto wa Lubumbashi inajua nyimbo 63 na hakuna hata moja ya hapa?

Tazameni tarehe hizi pamoja. Baba Gaston, yaani Ilunga wa Ilunga, mtu wa Likasi, ambaye alikuwa na orkestra yake Baba National, alihamia Dar es Salaam mwaka 1971, na mwaka 1975 akaenda Nairobi. Maquis, ambao Watanzania wanawahesabu kama wa kwao, walitoka huku kwetu wakafika Dar mwaka 1972. Super Mazembe wako Nairobi mwaka 1974. Ni miaka mitatu minne tu! Katikati yake, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu anatangaza zaïrianisation, biashara zinabadilisha mikono, kiisha bei ya shaba inaanguka. Kinshasa kulikuwa na studio, televisheni na pesa ya serikali; lakini Kinshasa iko mbali, ndege ni ghali, barabara hakuna. Mpaka wa Zambia uko karibu kilomita 90 tu kutoka hapa. Kama una gitari sita na ngoma na watoto wa kulisha, utaenda wapi? Wale watu hawakukimbia mji, walifuata jukwaa. Mimi ningeenda nao.

Ila waliondoka na mikono yao. Hili mtu asiyepiga chombo hawezi kulielewa haraka, kwa hiyo nitalisema polepole. Plake inakufundisha wimbo, haikufundishi mkono. Kujua kidole kinakaa wapi, kinainuka lini, lazima umtazame mtu, umbebee gitari, umuone akikosea. Kijana wa Kamalondo mwaka 1980 alitaka kujifunza. Wakubwa wa mtaa wako Nairobi na Dar. Redioni ni Kinshasa asubuhi mpaka usiku. Basi akakopi Kinshasa. Nani atamlaumu?

Mwimbaji wetu ni tunda la hali ile. Nyumbani kwao wanasema Swahili na Kiluba. Lingala yake yote aliipata kwa Madilu na Pépé Kallé. Ukimtuma soko ya Kinshasa na ile Lingala hatarudi na nyanya, lakini Jumamosi, taa zikiwaka, analia ndani yake mpaka wamama wanatoa vitambaa. Na Kinshasa wenyewe wanajua kuheshimu wakubwa: Franco alikufa mwaka 1989, watu wake wa OK Jazz wakaendelea chini ya Simaro na jina la Bana OK, wakapiga mambo ya mkubwa kwa mikono iliyokuwa imekaa naye. (Ya Wenge sisemi. Tangu 1997 kila mmoja ni original.) Bosco hakuwa na orkestra kubwa. Alikuwa mtu mmoja na gitari moja, kwa hiyo hakuna “Bana Bosco” waliobaki kugombania jina.

Na jambo ambalo liliniuma kuliko yote: Bosco mwenyewe hakuhama kabisa. Alienda, alirudi. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Wakati wa authenticité akawa Mwenda wa Bayeke. Alikuwa na kazi zingine, alikuwa na hoteli Sakania, karibu na mpaka. Mwaka 1979 Mwingereza mpiga gitari, John Low, alikuja huku Shaba kuwatafuta wale wazee. Akawapata: Bosco, Losta Abelo, Masengo. Akakaa nao, akatazama vidole, akajifunza, kiisha akaandika kitabu, Shaba Diary, kilichotoka Vienna mwaka 1982. Nilipokisoma nilikasirika. Mzungu amekaa kwenye kiti ambacho mtoto wa hapa angekaa! Lakini hasira ikisha kupita nikajiuliza: nani alitukataza? Baba yangu mwaka 1979 alikuwa kijana, alipenda gitari, na Bosco alikuwa hai. Nilimuuliza. Akacheka: “Ile ilikuwa musiki ya babakubwa, mwana. Siye tulitaka umeme.” Namuelewa. Mimi pia nilianza na gitari ya umeme na kinanda cha rafiki, na sikutaka kusikia kitu kinachoitwa “kavu”.

Basi nikaanza kuitafuta “Masanga” kwa vidole vyangu. Rekodi ya 1952 inapatikana ku intaneti, niliweka mu telefone, nikaipunguza mwendo. Nota za Rycroft zilinisaidia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kuume ulinikatalia. Tangu utoto napiga na medieta, kile kiplastiki. Sasa gumba linaambiwa liende peke yake na shahada iende peke yake. Wiki 7. Umeme ukikatika ilikuwa vizuri, kwa sababu gitari hii haina haja naye, nilikuwa nakaa mu giza napiga mistari miwili ile ile mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama sina wimbo mwingine.

Nikaileta ku repetisio. Mpiga bass wetu akasikiliza, akauliza swali la haki kabisa: “Sasa yaya, miye nitapiga nini humo? Kidole chako kimesha maliza kazi yangu.” Kweli. Orkestra yetu ina watu sita na wimbo ule umejaa tayari kwa mtu mmoja. Mwimbaji alitaka maneno ya Lingala. Msimamizi wa hoteli alisema wateja wanalipia kile wanachokijua, na hakukosa. Ni terasi yake. Tukapatana: nitaipiga peke yangu wakati wa mapumziko, mara moja, bila kuongezewa pesa.

Jumamosi ya kwanza watu waliendelea kula. Mezani palikuwa na sherehe ya kumaliza masomo, walikuwa wanapiga picha. Mtu mmoja tu alitoka mu jiko, mpishi, mtu mzima, akasimama mlangoni na kitambaa ku bega mpaka nikamaliza, akarudi ndani bila neno. Muzee hakuwako. Jumamosi ya pili pia hakuwako. Nilianza kuogopa kwamba nimechelewa, mnajua wazee wetu jinsi wanavyoondoka bila kuaga.

Alikuja Jumamosi ya nne, kofia ile ile. Kabla ya kupiga nilishika mikro, nikasema jina lote: Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke, mtu wa hapa, 1952. Nikapiga. Nilipomaliza aliniita tena kwa mkono.

“Umejifunza,” akasema. “Lakini uko unaipiga sawa mutu ule bapolisi beko banamufukuza. Bosco alikuwanga anatembea.”

“Papa ulimuona?”

“Nilimuona. Shemeji yangu alikuwa anapiga vile vile. Leta kisu.”

Akachukua kisu cha meza na chupa yake, akagonga: ti, titi, ti. Polepole kuliko nilivyofikiri. Nilikaa hapo hapo kwenye kiti cha mteja, gitari ku goti, nikamfuata. Mara ya kwanza nilimpita. Mara ya pili pia. Ya tatu gumba langu likaanguka ndani ya ile chupa na shahada ikapata nafasi yake, na nikaelewa kitu ambacho nota za Rycroft haziwezi kukuambia, kwamba wimbo ule una mahali pa kupumua, na chupa njo inaonyesha mahali pale. Mpiga ngoma wetu akaja karibu kusikiliza. Hakusema kitu, akachukua chupa ya pili kwenye meza ya jirani, na jirani akamuachia.

Tangu hapo mambo yamebadilika kidogo tu, sitaki kuwadanganya. Bado tunaanza na Franco. Bado mwisho ni Wenge. Mwimbaji anataja sasa jina la mtungaji kabla ya kila wimbo, na amegundua kwamba watu wanapenda, wengine wanasahihisha wakibishana ku meza, kama wimbo fulani ni wa Simaro au wa Franco mwenyewe. Mpiga bass amepata njia: anakaa kimya mu “Masanga” yote, anaingia tu mwishoni. Natafuta sasa nyimbo za Losta Abelo. Kama kuna mtu hapa ambaye babu yake ameacha plake za zamani mu sanduku, Kamalondo, Kenya, Likasi, popote, asiziuze kwa bei ya plastiki. Aniandikie, nitakuja na telefone ya kurekodi na chupa mbili.

Na kuna jambo moja sikulitafuta. Ile njia ya gumba na shahada, nikisha kuizoea, ilianza kuleta vitu vingine. Usiku mmoja mu giza nilikuta napiga kitu ambacho si “Masanga”. Kinafanana naye kama vile mtoto anafanana na mjomba. Nikatia maneno, ya Swahili, juu ya basi ya Katuba na mtu aliyepoteza diploma yake ndani. Sijakimaliza, ubeti wa tatu unanisumbua. Daftari sasa lina nyimbo 64 na nusu.

Jumamosi iliyopita niliunganisha ile nusu nyuma ya “Masanga” bila kusema kitu. Muzee aligonga chupa mpaka mwisho, kiisha akanitazama.

“Na ile ya nyuma ni ya nani?”

“Ni yangu, papa. Haiyaisha.”

Akainua kisu. “Anza tena.”